Sahani ya Pili ya Bi Mishi

Mama Wanjiku alinipigia simu Jumatatu asubuhi, nikiwa nachambua mchele hapa kwangu Timbwani, akaniambia bila hata salamu, "Dama, wale watu wa ploti wamekuja. Alhamisi wanatoa paa." Alidhani nitafurahi. Yeye mwenyewe alikuwa na furaha, maana ameahidiwa chumba katika ghorofa litakalojengwa pale, na amechoka kukinga ndoo chini ya mabati yanayovuja. Nikamwambia, haya, nitakuja. Nikaweka simu chini na mchele ukabaki kwenye ungo mpaka saa sita. Mimi ni mtu mzima, nina wajukuu wawili, na sioni haya kusema kwamba niliogopa. Kwa miaka thelathini na ushei, kila mvua kubwa ikinyesha, nimekuwa nikilifikiria paa lile na kilicho chini yake. Sikumwambia mume wangu, Mungu amrehemu, wala watoto. Aliyenizuia nisiseme alikuwa baba mmoja wa Mtopanga, na huyo tulimzika mwaka juzi. Sasa naweza kuandika.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangoja matokeo, na nilikuwa nakaa na shangazi yangu katika chumba kimoja cha nyumba ya Kiswahili pale Mtopanga. Vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati unaotoka barazani mpaka uani, na uani jiko la makuti, kisima na choo. Mwenye nyumba alikuwa Bi Mishi, mjane wa Kimvita, mwembamba, mrefu, mwenye kanga zilizonyooka kama zimetoka dukani, na chumba chake kilikuwa cha kwanza mkono wa kulia. Wapangaji wote tulikuwa watu wa mbali: sisi Wagiriama, Mama Wanjiku na mumewe kutoka bara, na wengine waliokuja na kuondoka. Shangazi alikuwa akitoka alfajiri kwenda kiwandani Changamwe na kurudi giza likiingia, hivyo mchana nyumba ilikuwa yangu na ya Bi Mishi. Nilikuwa nikifuma vitambaa vya viti kwa uzi wa manjano, nafuma na kufumua, na nilijiona mwerevu kupita kiasi. Nilikuwa wa kwanza darasani miaka minne. Bi Mishi aliniona hivyo siku ya kwanza tu, akanicheka.

"Ndoo uketi hapa," aliniambia mchana mmoja, yeye akiwa kizingitini mwa chumba chake anakuna nazi. "Wasema wewe wajua sana. Haya, kitendawili."

"Tega," nikasema.

"Kuna mtu huingia msikitini na viatu vyake miguuni. Mchana kweupe. Watu wamwona, imamu amwona, hapana amwambiaye kitu. Hata maji ya kunywa humpa. Kwa nini?"

Nikasema ni kichaa. La. Ni mzungu. La. Ni kipofu, ni mgonjwa wa miguu, ni tajiri aliyewajengea. La, la, la, na mbuzi ya nazi inaendelea kukwaruza. Nikachoka, nikafanya kama tulivyofundishwa tangu utotoni: aliyeshindwa humpa mtegaji mji, naye mtegaji akishaupokea huo mji hana budi kutoa jibu. Nikampa Malindi. Akaupokea kwa madaha, akasema amekwenda Malindi, amelala kitandani kwa Liwali, amekula biriani ya mbuzi, na sasa amerudi. "Yule mtu ni fundi," akasema. "Msikiti wenyewe ndio kwanza wajengwa, hauna hata dari. Wewe uliuliza habari za mtu, mtu, mtu. Hukuuliza habari za msikiti." Nilinuna kama mtoto. Lakini kesho yake nilikuwa pale tena kabla hajatoa mbuzi ya nazi.

Shangazi hakupenda. Kwetu vitendawili ni vya usiku, baada ya kula, na bibi yangu alikuwa akisema anayetega mchana hupotewa na mtu. Nikamwambia Bi Mishi maneno hayo nikitegemea atacheka. Hakucheka. Alisema usiku nyumba hii ina masikio, na akaingia ndani kuongeza sauti ya redio. Nilidhani ni maneno ya wazee tu. Mambo yake mengi niliyaita ya wazee. Alikuwa na desturi ya kusema peke yake, kwa sauti ya kawaida, anapoingia chumbani: "Jua kali leo. Dama yuko hapa ukumbini. Mama Wanjiku kaenda sokoni." Alikataa katakata kuezeka mabati, ingawa makuti yalikuwa yamechakaa na watoto wa ndugu zake walijitolea kumnunulia, alisema mabati huoka watu. Na wali. Uani nilimsikia Mama Wanjiku akimwambia mpangaji mwingine, wakiosha vyombo, "Huyo nyanya ni mwembamba hivyo, lakini anapika nusu kilo kila siku. Anakula aje na hanoni?" Yule mwenzake akajibu kwamba labda anatoa sadaka. "Kwa nani? Mimi sijaona maskini akitoka na sahani hapa." Wakacheka, wakahamia habari nyingine. Nami nilicheka nao.

Habari za mwanawe nilizipata uani hapohapo. Bi Mishi alikuwa na mtoto mmoja tu, Athmani, aliyekuwa dereva wa pikapu ya mikate. Miaka mitatu kabla ya sisi kuhamia, akirudisha gari nyuma kwenye njia ya Magogoni, alimkanyaga mtoto wa miaka sita aitwaye Kadzo, akafa palepale. Watu wakaokota mawe. Athmani akatoka garini akakimbia, pikapu ikachomwa, na tangu siku ile hakuonekana. Wengine walisema amevuka mpaka yuko Tanga, wengine Uarabuni. Baba yake yule mtoto, Baba Kadzo, aliishi nyumba ya nne kutoka kwetu, na kila asubuhi alipita barazani akienda kibarua chake cha godauni. "Shikamoo, mama," alimwambia Bi Mishi. "Marahaba, mwanangu. Mungu akupe subira." Bi Mishi akampa mahamri mawili yaliyofungwa kwenye karatasi, naye akayapokea kwa mikono miwili. Siku moja nikiwa nafagia nilimsikia akisema, taratibu, bila ukali wowote, "Mama, mimi na wewe hatuna neno. Lakini mwanao akirudi asipite njia hii. Nikimwona sijui nitafanya nini, na watu wangu hawatanizuia." Bi Mishi akamjibu kwamba amesikia. Mahamri yalikuwa mikononi mwake baba yule, bado ya moto.

Ilikuwa baada ya Idi ndipo Bi Mishi akanitegea lile kubwa. Alisema hili si la siku moja, na kwamba ananiruhusu maswali matano kila mchana, naye atajibu ndiyo au la, basi. Nalikumbuka neno kwa neno. "Kuna mwanamke. Mtaa mzima wajua aishi peke yake. Kila magharibi hupakua sahani mbili. Ya kwanza hula. Ya pili huifunika kawa, akatia komeo mlango, akalala. Asubuhi komeo ni lilelile, halikuguswa, na sahani ya pili i tupu, tena imeoshwa. Hushukuru Mungu akaenda na shughuli zake. Basi siku moja aamka, afunua kawa, akuta chakula vilevile kama alivyokiweka. Akaketi chini, na siku ile nzima hakufungua mlango. Kwa nini?"

Niliuliza kama ni paka. La. Kama anayekula ana miguu miwili. Ndiyo. Kama ni jini, maana pale Mtopanga majini yalikuwa na kila kazi. La. Kama ni mwanamke mwenyewe, anaamka usingizini bila kujijua. Hilo nililiona jibu la akili nyingi, nikajiegemeza ukutani kungoja sifa. La. Siku zikapita namna hiyo, wiki mbili, tatu, na vitambaa vyangu vya manjano vikiongezeka safu kwa safu, kimoja kikiwa na kosa katikati kwa sababu nilipoteza hesabu ya nyuzi nikifikiria mlango. Mlango ndio ulionisumbua. Anaingia kwa mlango? La. Dirishani? La. Ana ufunguo wake? La. Chini kwa chini? La, mwanangu, yule si panya. Mchana mmoja niliuliza kama yule mwanamke anaogopa. Ndiyo. Anamwogopa huyo anayekula? La. Anaogopa huyo asije akapatwa na jambo? Mkono wake ukasimama juu ya ungo. Ndiyo, akasema. Nikauliza swali langu la mwisho la siku ile, sijui lilinijiaje: hiyo siku ya kukuta sahani imejaa, ilishafika? "La," akasema, akainuka kwenda kuswali, na adhana ilikuwa bado. Nilibaki pale ukumbini, jua la saa nane likiwaka nje. Fumbo gani lina siku ambayo haijafika?

Nilianza kumpa miji. Nilimpa Lamu, nikampa Unguja, nikampa Nairobi na treni yake. Alikataa. Mtegaji kukataa mji ni jambo ambalo sikuwahi kuliona wala kulisikia. Ni kama mtu kukataa zawadi yake mwenyewe. "Sitaki mji," alisema kila mara. "Uliza." Nilimpa Makka, nikidhani huo hataweza kuukataa. Machozi yakamlengalenga, akasema nisifanye mzaha. Ilikuwa mchana huohuo niliposikia mtu akikohoa. Kikohozi kidogo, kikavu, kilichozuiliwa katikati, na hakikutoka ukumbini wala uani. Chembe za udongo zikadondoka juu ya mchele. Bi Mishi akakohoa papo hapo, kwa nguvu, mara tatu, kifua chake kisicho na ugonjwa wowote wa kukohoa, akalalamika juu ya vumbi. Nilimtazama, naye akanitazama. Mimi, wa kwanza darasani miaka minne, nikaenda kumletea maji.

Ugonjwa wake ulikuwa sukari. Alianguka jikoni siku ya Jumamosi, saa tano mchana, na Shangazi aliyekuwa nyumbani siku hiyo akampeleka hospitali kwa teksi pamoja na Mama Wanjiku. Walipokuwa wakimpakia alishika mkono wangu na hakuuachia mpaka alipopata pumzi ya kusema, "Ufunguo ukae na Dama." Wanawake wakatazamana, maana alikuwa na mdogo wake Likoni na jamaa mjini, na mimi nilikuwa nani? Nikalifunga kufuli, nikautundika ufunguo shingoni kwa uzi wa manjano, na usiku ule nililala vizuri. Naliandika hilo kwa sababu nataka lijulikane. Nililala vizuri, na juu ya kichwa changu mtu hakula.

Kesho yake jioni, wakati wa kuona wagonjwa, nilimkuta amelala karibu na dirisha, midomo imekauka, amekuwa mdogo. Nilimwamkia. Hakuitikia shikamoo yangu, alisema, "Uliza." Nikaona huruma. Nikamwambia, "Bi Mishi, pumzika. Nakupa mji. Nakupa Mombasa yote, kisiwa na bara, na feri juu yake." Akageuza uso. "Nikipokea mji itanibidi niseme. Nami niliapa juu ya Msahafu sitamwambia mtu. Uliza wewe." Wallahi ndipo akili yangu iliposimama. Mtu haapi kwa ajili ya kitendawili. Nikaukumbuka ule msikiti usio na dari, na namna nilivyouliza habari za mtu, mtu, mtu. Miezi miwili nilikuwa nikiuliza anaingiaje. Aliyemo ndani haingii.

"Yule mwanamke aishi peke yake kweli?" nikauliza.

"La."

"Anayekula yumo ndani siku zote?"

"Ndiyo."

"Juu, darini?"

"Ndiyo."

Nililisema la nne kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri. "Ni Athmani?" Machozi yalimtoka pembeni, yakaingia masikioni, na mimi nikayafuta kwa ncha ya kanga yake. Akaning'ang'ania kidole. "Sikusema," akaniambia. "Hukusema, Bibi," nikamjibu. "Nimeuliza mimi." Akashusha pumzi ndefu, akafumba macho, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alionekana kama mtu aliyetua ndoo ya maji kichwani. Hakunieleza kitu zaidi ya hapo, na mimi sikuuliza la tano.

Nilirudi Mtopanga mbio, nikapika wali na mchicha wa nazi, nikasema ni wa kupeleka hospitali. Chumba cha Bi Mishi kilikuwa na kitanda cha kamba, kabati, meza ndogo, na juu pembeni, palipoingia giza, tundu la dari lenye ubao, na ngazi ya boriti imeegeshwa chini yake. Kila siku ngazi ile nilikuwa nimeiona kupitia mlango uliokuwa nusu wazi, na kila siku nilidhani ni ya kutundikia kanga, maana kanga zilitundikwa. Kwenye rafu kulikuwa na sahani mbili za bati zenye ukingo wa buluu, moja imebanduka rangi. Nikapakua kwenye ile iliyobanduka, nikafunika kawa. Nikasimama. Nilitaka kusema kitu na sikujua mtu aliyekaa darini miaka mitatu huambiwa nini. Nikatoka, nikafunga. Asubuhi niliingia. Sahani ilikuwa mezani, tupu, imeoshwa, imefudikizwa kama vile mtu mwenye adabu anavyofudikiza. Sakafuni palikuwa na tone moja la maji. Nikaikamata ile sahani kwa mikono miwili, nikacheka, nikalia, na nikajikuta nashukuru Mungu kama yule mwanamke. Ikawa hivyo asubuhi tatu.

Siku ya nne Bi Mishi alifariki. Maiti ililetwa kabla ya adhuhuri, wakamwoshea uani nyuma ya mashuka, na sauti za wanawake zilipopanda nilikuwa nimesimama ukumbini chini ya dari nikiwaza: anasikia. Sauti ya kwanza ya kilio aliisikia. Mdogo wake marehemu kutoka Likoni alisema chumba kibaki kimefungwa mpaka tanga lianuliwe, na kwa kuwa marehemu mwenyewe alinipa ufunguo, nikae nao, niwe naingia kuchukua udi na mikeka. Baba Kadzo alifika mapema kuliko jamaa zake. Aliinua jeneza, alikwenda kuchimba, na walipotoka kuzika baada ya alasiri alirudi akaketi ukumbini, mgongo umeegemea mlango ule wa mkono wa kulia. Alilala palepale siku zote tatu za matanga. "Alikuwa mama yangu," aliwaambia watu. Ningemwambia nani? Kila niliyemfikiria, njia yake ilipita mbele ya Baba Kadzo.

Magharibi ile nilipeleka sahani chini ya kanga, Baba Kadzo akanipisha mlangoni akidhani nakwenda kuchukua udi. Asubuhi niliinua kawa, na wali ulikuwa vilevile. Hata kijiko hakikusogea. Nikapeleka nyingine, mchana, mchuzi wa moto ili harufu ipande. Haikuguswa. Asubuhi ya tatu ilikuwa bado imejaa, sisimizi wamepata njia yao kutoka dirishani, na hapo nikatia komeo, nikakaa chini sakafuni. Sikufungua mlango siku ile yote. Waligonga, nikasema naumwa kichwa. Nilikuwa nimelifikia lile fumbo na sasa nilikuwa mimi ndani yake, na nilijua kwa nini yule mwanamke aliketi: kwa sababu sahani iliyojaa ina majibu mawili. Ama ameondoka, ama amekufa. Ukikaa chini bado yote mawili yawezekana, ukipanda ngazi linabaki moja. Nje Baba Kadzo alikuwa akiwapangia watu mikeka ya hitima, sauti yake ikipita ubaoni kana kwamba yuko chumbani. Juu hapakusikika kitu. Nilisikiliza mpaka nikasikia damu yangu. Mara moja nilisimama, nikatoa kanga kwenye ngazi, nikakwea kipandio kimoja. Nikanong'ona, "Kaka Athmani. Kula." Hapakujibu mtu. Nikashuka. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na minane na sikuweza kupanda ngazi ya vipandio sita.

Baada ya hitima Shangazi alisema tuhame kesho yake. Alikuwa amekwisha pata chumba Changamwe karibu na kiwanda, na nyumba ile, alisema, ilikuwa imeanza kumtazama vibaya. Magharibi nilipeleka sahani ya mwisho. Kawa ilikuwa imechukuliwa kufunikia chakula cha wageni, basi nikafunika kwa kitambaa changu cha manjano, kile chenye kosa katikati. Asubuhi sikuingia kutazama. Kufuli nililiegesha tu, bila kulibana, na ufunguo nikampa yule mdogo wake Bi Mishi mkononi. Nilijiambia hilo linatosha: akiwa hai, mlango uko wazi. Baada ya wiki mbili Mama Wanjiku alikuja Changamwe kututembelea, akatusimulia kwamba chumba kimepata mpangaji, na lile tundu la dari limepigiliwa mbao na kuchapwa chokaa, kwa sababu ya panya. "Kabla ya kupigilia walitazama juu?" nikamuuliza. "Watazame nini?" Nikamuuliza kama usiku wanasikia kitu. "Panya hawakosi," akasema, akaomba chai nyingine. Mwaka wa pili wakapiga mabati juu ya makuti yaleyale, kwa uvivu. Nikaolewa, nikavuka Likoni, na nikawa mtu anayeogopa mvua juu ya mabati.

Alhamisi nilivuka feri ya kwanza. Mama Wanjiku sasa anatembea kwa mkongojo. Alinitolea kiti nje, upande wa pili wa njia, akanipa kikombe. Mafundi walitoa mabati, kisha makuti yaliyokuwa chini yake yakaanguka yenyewe, meusi, na vumbi likatufikia tulipokuwa. Nilihesabu boriti kutoka mbele. Walipofika pembe ya mkono wa kulia niliweka kikombe chini. Nilikuwa nimejiandaa kwa mifupa. Usiku nilikuwa nimezoea hata neno lenyewe kinywani. Fundi mmoja alipiga kelele kwamba kumbe huku juu mtu alikuwa akilala. Nikavuka njia, nikasimama chini yake, nikamwambia atelemshe kila kitu alichokiona. Akatelemsha mkeka uliokunjwa. Wembe umeliwa na kutu. Na sahani ya bati yenye ukingo wa buluu, upande mmoja imebanduka rangi. "Na mtu?" nikamuuliza. "Mtu gani, mama? Hakuna mtu." Sahani ilikuwa tupu. Ilikuwa imeoshwa, kisha ikafungwa ndani ya kitambaa kilichokunjwa mara nne, rangi imekwisha, na nilipokikunjua kosa lilikuwa palepale katikati.

Basi alikula. Nilipokuwa nabeba godoro kwenda Changamwe alikuwa hai, na alikula chakula changu, akakunja kitambaa changu, na siku moja kabla ya misumari akatoka kwa mlango. Nilirudi kitini nikaeleza nusu nusu, maneno hayanipangiki, na Mama Wanjiku hakuelewa ila kwamba kulikuwa na mtu, na kwamba aliletewa chakula siku ya matanga ya Bi Mishi na hakukigusa, na kwamba mimi nilidhani amekufa. Akanitazama kana kwamba nimepungukiwa. "Si alikuwa amefiwa?" akasema. "Wewe mwenyewe mama yako alipokufa nilikuletea uji siku mbili ukaukataa. Mtu aliyefiwa hali." Akaendelea kunywa chai yake.

Majibu yalikuwa matatu. Nimeishi na mawili miaka yote hiyo, na la tatu analo kila mtu aliyewahi kuzika. Juu ya kichwa changu kulikuwa na kijana anayemlilia mama yake kwa mdomo uliofungwa, asisikike, na muuaji wake, kama angesikika, ameegemea mlango. Matanga yale nilimpa kila mtu mkono. Nilimpa mdogo wake marehemu, nikawapa jamaa wa mjini, nikampa Baba Kadzo mara mbili. Mwenye msiba nilikaa chini yake siku nzima, na neno nililomwambia lilikuwa kula. Pole sikumpa.